Jibu: Kuchonga vijumba kwenye gome la mti, naanzia wapi?

Mkuu, umeuliza kama gome la mbuyu hapa Bagamoyo litafaa kwa vile vijumba vilivyopindapinda, vyenye paa kama kofia na ngazi za kuzunguka. Mbuyu achana nao, gome lake ni nyuzi tupu, la kusokotea kamba. Wenzetu Marekani hutumia gome la mpopla (mti wa huko kwao, wanauita cottonwood) mkubwa uliokwisha kufa, nene na laini. Huku tafuta mti mkubwa ulioanguka siku nyingi. Bonyeza gome kwa ukucha: likiacha alama bila kumeguka unga, beba. Usibandue mti ulio hai, utaukausha.

Kwenye dirisha, kwanza zamisha ncha ya kisu wima pande zote nne, ndipo uchokoe katikati kidogokidogo. Ukichokoa kabla ya kukata mipaka, gome linabanduka tabaka zima na ukuta unaondoka nalo. Mimi nilipoteza baraza zima hivyo (nikaligeuza pango, hakuna aliyejua). Kisu noa kila mara, kibutu ndicho kinachokata vidole. Paa usilipige msasa, mikwaruzo ya gome ndiyo makuti yenyewe.

Kwa mlango, pita Mji Mkongwe uchungulie ile milango ya zamani ya nakshi. Cha kwanza kikiisha, tupia picha hapa.