Hundi za Mishahara Zinapopotea na Saini ya Mwisho Daftarini ni Yako

Katika miaka niliyokuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwenye mahakama moja ya Kanda ya Ziwa, mashauri ya nidhamu yaliyonisumbua kuliko mengine hayakuwa ya ulevi wala utoro, bali ya hundi za mishahara zilizopotelea kati ya dirisha la mhasibu na mkono wa mwenye mshahara. Siku hizi mshahara wa mtumishi wa umma huingia benki moja kwa moja, lakini mtindo wa kupokea kwa niaba ya mwenzako haujafa, na barua ya kutakiwa kujieleza inaweza kumfikia karani yeyote aliyezoea kusaini kwa ajili ya wengine.

Wakati huo watumishi wa mahakama za mwanzo za visiwani hawakuweza wote kuacha kazi na kupanda meli kuja Mwanza kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo walimtuma mmoja wao, naye akasaini, akazitia hundi zote katika bahasha ya kaki na kurudi nazo jioni. Ulikuwa ni utaratibu wa ujirani mwema, na kwa muda mrefu haukumdhuru mtu. Katika shauri ninalolikumbuka zaidi, daftari la makabidhiano lilikuwa na mstari mmoja tu wa wino wa bluu: "Hundi za visiwani, zote", kisha tarehe na saini ya karani. Hapakuwa na namba za hundi, idadi yake wala majina ya wenyewe. Watumishi wawili walipolalamika kwamba hawajapata chochote, na benki ikajibu kwamba hundi zao zilikwisha kulipwa, mstari huo ulitosha kumfanya karani yule aandikiwe barua.

Ukipata barua ya namna hiyo, usiijibu siku hiyohiyo ukiwa na hasira, wala usiiache mpaka siku ulizopewa zipite. Andika kwanza kuomba nakala: ukurasa wa daftari, orodha ya malipo ya mwezi huo, na hundi yenyewe iliyolipwa, mbele na nyuma. Nasisitiza upande wa nyuma kwa sababu huko ndiko mpokeaji anakosaini, na benki nyingi huandika huko namba ya kitambulisho na kugonga muhuri wenye tarehe na jina la tawi. Karani wetu aliokolewa na muhuri huo, kwa kuwa ulionyesha kwamba hundi mojawapo ililipwa mjini asubuhi ya siku ambayo daftari la mahudhurio lilimwonyesha yuko kazini kisiwani, akiwa amesaini kabla ya hakimu kuingia mahakamani. Saini ya nyuma ya hundi ikibishaniwa, omba ipelekwe kwa mtaalamu wa maandishi, na maombi hayo yawe kwa maandishi, kwa sababu ombi la mdomo halimo ndani ya jalada.

Maelezo yako yafuate safari ya hundi hatua kwa hatua: nani alikukabidhi, mbele ya nani, ulizihifadhi wapi usiku huo, ulimpa nani na kwa ushahidi gani. Nimesoma barua za kurasa nne zinazoeleza jinsi mtumishi alivyolelewa katika dini na kwamba hajawahi kuonywa tangu aajiriwe, huku swali la hundi ilikokwenda likiachwa bila jibu. Utumishi mzuri una mahali pake, nao ni pale adhabu inapojadiliwa.

Kuna ushauri ambao wazee wa ofisi huutoa kwa nia njema: lipa fedha hizo kimyakimya, malizaneni. Mimi naupinga. Kama hukuchukua, malipo yako yatasomwa kama kukiri. Na kama ulichukua, kulipa hakuondoi kosa la kinidhamu, kwa kuwa mwajiri hashughulikii deni la watu wawili bali uaminifu wa mtumishi wa chombo kinachohukumu wengine. Mahakama ya Juu ya Ufilipino, ambayo kwa Katiba ya nchi hiyo ya 1987 ndiyo inayosimamia watumishi wote wa mahakama, imeshikilia mara nyingi kwamba kurudisha fedha au mlalamikaji kujitoa hakufuti shauri la nidhamu, na anayethibitika kukosa uaminifu kwa kiwango kizito anaweza kufukuzwa, kunyang'anywa mafao ya kustaafu isipokuwa malipo ya likizo alizojilimbikizia, na kuzuiwa kuajiriwa tena serikalini. Hapa kwetu pia nimeona kamati ikiendelea na kazi yake ilhali mlalamikaji amekwisha kuandika kwamba amelipwa na amesamehe.

Mbele ya kamati ya uchunguzi, nenda na mwakilishi wako, omba kuwahoji mashahidi, hasa mhasibu aliyekubali kukabidhi hundi bila kuandika namba zake, na hakikisha majibu yao yanaandikwa. Usitegemee kwamba polisi wakikosa ushahidi wa wizi basi na nidhamu imekwisha, kwa maana uzembe wa kutunza nyaraka za thamani ni kosa linaloweza kusimama peke yake. Karani wetu aliondolewa tuhuma ya wizi lakini alionywa kwa kusaini "zote".

Uamuzi ukitoka dhidi yako, ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu ya 1977 inatambua haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Omba mara moja nakala ya uamuzi na ya kumbukumbu za vikao vya kamati, andika juu ya bahasha tarehe uliyoipokea, na mwombe karani wa masjala agonge muhuri kwenye nakala yako ya barua ya rufaa siku unapoiwasilisha.