Ruka msimu wa kwanza, anza na "Darmok"

Mkuu mleta mada, umesema umeanza Star Trek: The Next Generation, ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga za mbali, ukafika sehemu ya "Code of Honor" ikakuudhi, na sasa unauliza kama kuna haja ya kuendelea. Endelea, ila ruka. Hiyo sehemu ya 1987 iliniuma hata mimi: sayari nzima ya watu weusi waliovishwa Uafrika wa kubuniwa, na chifu wao anamteka mwanamke wa kizungu. Jonathan Frakes, aliyeigiza Riker, msaidizi wa nahodha, ameikemea hadharani. Usiitumie kuipima tamthilia nzima.

Nenda moja kwa moja msimu wa 5, sehemu ya pili, "Darmok", ya 1991. Picard, nahodha wa chombo cha anga, anakutana na Watamaria, viumbe wa sayari nyingine. Maneno yao yanatafsirika yote, maana haipatikani, kwa sababu wanazungumza kwa kutaja visa vya kale tu: fulani alikuwa mahali fulani, likamkuta jambo. Nahodha wao, Dathon, aliyeigizwa na Paul Winfield, anajipeleka na Picard kwenye sayari ya El-Adrel akiwa ameshika majambia mawili. Picard anadhani anaitwa kupigana naye. Kumbe mwenzake anataka wamkabili mnyama wa huko bega kwa bega, ili na wao wawe kisa, na kisa hicho kiwe neno ambalo pande zote mbili zinalielewa.

Niliiangalia mara ya kwanza na mama, yeye akichambua mchele. Kiingereza hakimpandi, nikawa namtafsiria. Usiku umeingia, Picard hana moto, baridi inamtesa. Dathon anamrushia kijinga cha moto akisema, "Temba, mikono yake wazi." Picard alikuwa bado anauliza kama Temba ndiyo moto wenyewe, mama akasema, "Kampa. Huyo Temba alikuwa mkarimu."

Wapo wanaoiponda wakisema lugha ya namna hiyo haiwezekani, mtoto atajifunzaje visa bila maneno ya kawaida ya kumsimulia? Mimi sikubaliani nao. Sisi tunasema "sizitaki mbichi hizi" na kila mtu anaelewa, wala hakuna anayesimama kusimulia habari za sungura na matunda aliyoshindwa kuyafikia. Mimi nililijua neno hilo nyumbani, likitumika kunisuta, miaka kadhaa kabla sijasikia hadithi yenyewe. Swali gumu kwangu ni lile la mafundi: unamwambiaje mwenzako kaza nati hii zamu tatu? Hapo waandishi hawakutupa jibu, nakiri.

Lakini subiri ufike pale Dathon amejeruhiwa, yuko karibu kufa, naye Picard anamsimulia habari za Gilgamesh na Enkidu, mashujaa wa utenzi wa kale wa Mesopotamia. Msikilizaji hapati hata nusu ya maneno, ila anajua anasimuliwa juu ya marafiki wawili. Nimeiona mara nyingi na bado machozi hunilenga.

Wengi watakwambia "The Inner Light" ya 1992 ndiyo bora, na ilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, mwaka uliofuata. Ni nzuri mno: Picard anaishi maisha mazima ya mtu wa kijiji cha Ressik, ana mke, watoto, anazeeka, kumbe kwenye chombo zimepita dakika chache. Kinachonikwaza ni kwamba baada ya hapo anarudi kazini kama kawaida. Mtu aliyezika mke! Filimbi yake ya kule ilirudi kwa uzito msimu wa 6, kwenye "Lessons", tena mara moja tu.

Ya tatu, "The Measure of a Man" ya 1989, kesi ya kuamua kama Data, roboti mwenye umbo la mtu anayefanya kazi chomboni, ni mtu au mali. Hiyo angalia ukiwa peke yako, bila simu mkononi. Guinan, mhudumu wa baa ya chomboni na rafiki wa Picard, anapomweleza Picard kinachotokea kukiwa na viumbe wengi wa kutumwa ambao hakuna anayejali wanavyojisikia, sura ya Picard inabadilika polepole, kwa sababu Guinan halitaji neno utumwa. Anamwachia Picard alitamke mwenyewe.