Jibu: Mteja wa hoteli anataka vidio ya ziwa ukurasa wa kwanza

Ndugu, umesema mwenye hoteli huko Nakuru anataka tovuti ifunguke na vidio ya flamingo, picha tano zinazojibadilisha, na maandishi ya kijivu hafifu "ndiyo iwe ya kisasa". Umeuliza utamkatalia vipi bila kupoteza kazi. Mimi natengeneza tovuti hapa Kisumu, nyingi za hoteli na nyumba za wageni, na ombi hilo nalijua vizuri.

Usimkatalie. Ukibishana na mwenye mali juu ya urembo utashindwa tu. Chukua simu ya bei ya chini, aina ile mgeni wake anashuka nayo kwenye matatu. Zima Wi-Fi, weka bando, toka naye nje saa saba mchana, umwambie atafute namba ya kuulizia chumba. Kisha nyamaza. Mteja wangu mmoja wa upande wa Dunga alifinya macho, akakinga skrini kwa kiganja, akauliza, "Mbona haifunguki?" Ilikuwa inafunguka, ila picha ya juu ilitoka kwa mpiga picha vile vile ilivyo, megabaiti sita nzima. "Na maandishi yako wapi?" Yalikuwepo, kijivu juu ya nyeupe. Kufika jioni alikuwa ananiamuru niondoe vitu ambavyo hata sikuwa nimevigusia.

Sasa kazi yenyewe. Brauza za simu nyingi huhesabu upana wa skrini kuwa pikseli 360 hivi. Hata ukizidisha mara mbili ili picha isififie, upana wa 720 unatosha. Ya 4000 ni kumla mgeni bando. Hifadhi kwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, na utumie srcset, sehemu ya msimbo wa HTML inayoorodhesha picha za ukubwa tofauti, ili laptopu ipewe kubwa na simu ipewe ndogo. Vidio mwachie, lakini ishuke chini ikiwa na kitufe, anayetaka abonyeze. Hapo mzee ana vidio yake na wewe una ukurasa mwepesi. Kati ya zile picha tano, achague moja.

Rangi usiamue kwa macho. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unadai tofauti ya mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake iwe na uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu chenye msimbo wa rangi #999999 juu ya nyeupe hakifiki hata 3. #767676 ndicho kinapita, tena kwa kujikokota. Mimi hutumia nyeusi na sioni aibu.

Namba ya simu isikae ndani ya picha, maana haibonyezeki. Iandike kama kiungo cha tel:, kile kinachopiga simu kikibonyezwa, na namba ianze na +254. Ya WhatsApp kwenye kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo, huanza na 254 tu, bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Mambo ya kulipia M-Pesa papo hapo, kwa hoteli yenye vyumba vichache, ngoja kwanza mpaka apatikane mtu wa kulinganisha malipo kila siku.

Kinachochelewesha kazi hizi hasa ni "picha nitakutumia kesho". Weka kwenye mkataba tarehe ya kupokea picha na bei, na kwamba ikipita, tovuti inapanda mtandaoni na kilichopo. Domeni, yaani anwani ya tovuti, ya .co.ke isajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye hoteli, si yako, wala si ya mpwa wake anayejua kompyuta. Bei za vyumba ziandike kama maandishi ya kawaida, umwonyeshe karani wa mapokezi namna ya kuzibadilisha, la sivyo utapigiwa simu kila Desemba.