Maiti Mwaloni, Mstaafu Barazani: Maswali ya Waandishi wa Riwaya za Upelelezi

SWALI: Naandika riwaya ya mauaji, mahali ni Nansio, Ziwa Victoria. Tajiri wa mitumbwi ya dagaa anauawa usiku, asubuhi maiti inaonekana ikielea karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Shahidi, ambaye alikuwa ziwani akivua dagaa, anasema alimwona muuaji kwa mbalamwezi. Nilimpa ndugu yangu mvuvi asome. Alicheka tu akanirudishia daftari. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Ukerewe

JIBU: Dada au kaka wa Ukerewe, ndugu yako amecheka mara mbili. Kwanza ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hupumzika na wavuvi hushona nyavu. Shahidi wako ama alikuwa ziwani gizani, ama alikuwa nchi kavu kwenye mbalamwezi. Vyote viwili kwa pamoja, hapana.

Lakini usifute. Huo ndio uongo uliokuwa unautafuta! Mwache aseme maneno yake sura ya nne, bila mtu kumpinga. Sura ya saba weka akina mama kwenye vichanja vya kuanikia, vichanja vitupu, wanalalamika kwamba wiki nzima hakuna dagaa. Usiseme kwa nini. Msomaji wa Mwanza atashtuka mwenyewe, na wa Dodoma atapata haki yake mpelelezi wako atakapoeleza. Chagua tarehe halisi kwenye kalenda yenye mwezi na usiiache: mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kisha kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku nne baadaye kuna giza la karibu saa tatu mwanzoni mwa usiku, na mtumbwi unaweza kutoka. Kosea hapo, na uongo wa shahidi utageuka ukweli bila wewe kujua.

Pili ni maiti. Mwili uliotupwa usiku kwa kawaida huzama. Huibuka gesi zikishajaa tumboni, na kwa maji ya ziwa letu yenye joto la nyuzi 24 hadi 27 hiyo ni kazi ya siku mbili hadi nne hivi. Ukitaka mwili uonekane asubuhi hiyohiyo, unase kwenye magugu maji au ulale kwenye kina cha magoti. Hapo una zawadi nyingine. Damu ya maiti hutuama upande wa chini na kuufanya mweusi, na baada ya muda wa saa 8 hadi 12 weusi huo hauhami tena. Maiti imekutwa kifudifudi lakini mgongo ndio mweusi? Basi ililazwa chali mahali fulani kabla ya kufikishwa majini. Kwa hiyo muuaji awe na mahali pa kuificha karibu usiku kucha: stoo ya nyavu inatosha.

Na kama umeandika popote “maji yalipokupwa”, kata. Hayo ni ya Pwani. Ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho.

SWALI: Mpelelezi wangu amestaafu polisi. Anaweza kupekua nyumba na kukamata?
— Msomaji, Sengerema

JIBU: Kupekua, hapana. Kukamata, kama raia mwingine yeyote: akishuhudia kosa kubwa likitendeka, naye amkabidhi mtu huyo polisi bila kuchelewa. Waandishi wengi huharibu kwenye kielelezo. Mzee anaokota kisu, anakifunga kwenye leso, anakitoa sura ya mwisho. Wakili wa utetezi atauliza kisu kililala wapi siku tisa, mikononi mwa nani, na kesi itayumba. Akikiona, akiache palepale, aweke mtu wa kukilinda na ampigie simu mkuu wa upelelezi wa wilaya, kijana aliyemfundisha kazi na ambaye sasa anaona haya kumkatalia shikamoo na kumkatalia faili kwa pamoja. Mzee hana pingu, ana mazoea. Mama ntilie atamwambia nani hakula jana.

SWALI: Ushahidi wa kutokuwepo wa mtuhumiwa wangu unategemea foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Bado unafaa?
— Msomaji, Misungwi

JIBU: Ukiiweka hadithi kabla ya Juni 2025, ndiyo. Mwezi huo daraja lilifunguliwa na foleni ya kivuko ikabaki historia. La sivyo hamia kivuko cha Kamanga, au cha Rugezi–Kisorya.

SWALI: Watuhumiwa wangapi wanatosha?
— Msomaji, Magu

JIBU: Watano. Wakiwa watatu msomaji anabahatisha, wakiwa tisa anarudi nyuma kutafuta majina. Kila mmoja awe na siri yake ya kweli, hata asiyeua: mmoja anavua kwa timba, nyavu haramu, mwingine ana nyumba ndogo Kirumba, Mwanza. Muuaji aonekane kabla ya theluthi ya kwanza kwisha, akifanya jambo la kawaida kabisa, kama kuchangia sanda.