Ukienda Hove kutazama kriketi, kaa upande wa juu

Kama unaishi kusini mwa Uingereza na hujawahi kutazama kriketi, usianzie Lord's, ule uwanja maarufu wa London. Panda treni ushuke Hove, jirani kabisa na Brighton, uulize uwanja wa Sussex. Hiyo ndiyo klabu ya kaunti kongwe kuliko zote: iliundwa 1839, na imekuwa ikichezea Hove tangu 1872. Kabla ya hapo ilichezea Royal Brunswick, karibu zaidi na maji. Walipohama walihama na nyasi zao. Walizikata pamoja na udongo wake, wakaja kuzitandaza kwenye lililokuwa shamba la shayiri.

Bahari yenyewe usiitegemee. Majengo yameificha, utaambulia upepo na kelele za shakwe. Lakini uwanja umeinama kuelekea huko, na mteremko unauona kwa macho. Ndiyo maana nasema ukae kaskazini, upande wa Cromwell Road, kwenye vile viti vya turubai vya kukunja. Ukiwa hapo utamwona mrushaji anayetokea kwenu akishuka na kasi yake, halafu mwenzake wa upande wa bahari akipanda kilima kwa kuhema. Ukishaliona hilo, nusu ya mchezo umeuelewa bila kufundishwa kanuni.

Wazee wa pale watakwambia mpira hupinda zaidi maji yanapojaa. Wasikilize, wana raha yao. Mimi naona mawingu kuliko maji: asubuhi ya mawingu mazito, fika mapema, maana wapigaji hupata taabu mwanzoni. Maurice Tate, mzaliwa wa Brighton ambaye lango la uwanja lina jina lake, alianza kwa kurusha mipira ya taratibu ya kuzungusha. Alipogeukia ya kasi akawa tishio la Uingereza nzima.

Sifa ya Hove, hata hivyo, imejengwa zaidi na wapigaji. Tarehe 22 Agosti 1896, Ranjitsinhji, Mhindi aliyekuja kuwa mtawala wa Nawanagar, aliifunga Yorkshire mikimbio mia au zaidi (mikimbio ndiyo alama za kriketi) mara mbili katika siku moja: 100, kisha 125 bila kutolewa. Mpwa wake Duleepsinhji alipata 333 kwa siku moja mwaka 1930, na rekodi hiyo ya Sussex ikadumu miaka 73. Aliyeivunja ni Murray Goodwin wa Zimbabwe, kwa 335, hapohapo Hove, katika mechi iliyowapa Sussex ubingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza. Klabu ya 1839, kombe la 2003! Mpakistani Mushtaq Ahmed alikuwa ameangusha wiketi 103 msimu huo, yaani amewatoa wapigaji mara 103. Mashabiki wa Arsenal wanaolalamika waende wakakae na watu hawa kidogo.

Chagua mechi ya siku nne, si zile fupi za jioni za ova 20 kwa kila timu (ova moja ni mipira sita). Hizo zina shamrashamra zake, ila uwanja huusikii. Ya siku nne ni kama harusi ya Pwani, kila siku ina shughuli yake, na hakuna anayekushangaa ukisinzia. Beba koti hata Julai. Na kama siku unayoweza kwenda ni ya nne, angalia matokeo kabla ya kukata tiketi, kwani mechi huweza kuisha ya tatu.