Kabla Hujasema "Hakufaa": Namna ya Kumpima Mwigizaji wa Kike Aliyecheza Adui

Ubishi kuhusu mwigizaji Tilda Swinton kama Mchawi Mweupe, adui anayetawala nchi ya njozi ya Narnia, umedumu tangu filamu ilipotoka mwaka 2005, na mara nyingi unakwama kwenye nywele. Mmoja anasema mchawi wa kitabuni ana nywele nyeusi, kwa hiyo huyu wa filamu, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, si yeye. Fungua kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1950, pale kijana Edmund anapokutana na mchawi kwa mara ya kwanza, akiwa kwenye kigari chake cha theluji. Utamkuta mwanamke mrefu kuliko yeyote ambaye mtoto huyo amewahi kumwona, amevaa manyoya meupe hadi shingoni, ana taji la dhahabu, fimbo ya dhahabu, uso mweupe kama theluji na mdomo mwekundu sana. Nywele hazitajwi pale.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kurudi kwenye maandishi yenyewe, kwa sababu michoro, majalada na kumbukumbu za utotoni huchanganyika na kitabu hadi mtu akaapa alisoma kitu ambacho hakikuandikwa. Ukirudi utapata pia tofauti za kweli, na hizo ndizo zenye faida katika mjadala. Taji la dhahabu limekuwa la barafu, na linazidi kupungua kadiri majira ya baridi yanavyolegea Narnia. Mdomo mwekundu umeondolewa. Sasa jiulize: nani aliamua hayo? Taji na magauni ni kazi ya mbunifu wa maleba, Isis Mussenden. Rangi ya uso ni ya watu wa vipodozi. Aliyekubali yote ni mwongozaji, Andrew Adamson. Kama mdomo usio na rangi unakuudhi, mlaumu anayehusika, usimkate alama mwigizaji.

Kosa hili la kumtwisha mwigizaji mzigo wa idara nyingine lilionekana wazi mwaka 2020, Anne Hathaway alipocheza mkuu wa wachawi katika filamu iliyotokana na kitabu cha Roald Dahl. Mikono ya mchawi ilipewa vidole vichache, na watu wenye ulemavu wa namna hiyo wakalalamika, kwa haki kabisa. Warner Bros. wakaomba radhi, Hathaway naye akaomba radhi. Lakini wengi walitoka hapo wakisema "ameigiza vibaya", ilhali malalamiko yalihusu umbo lililobuniwa. Inawezekana aliigiza vibaya, inawezekana hapana. Hilo lilitakiwa lijadiliwe peke yake.

Baada ya kutenganisha, uliza adui huyu ana kazi gani katika hadithi. Watu huruka hatua hii na kukimbilia "anatisha" au "hatishi". Mchawi Mweupe hana kazi ya kutisha tu. Lazima kwanza amshawishi mtoto mwenye kinyongo awauze ndugu zake kwa pipi laini za Kituruki. Akitisha kupita kiasi kwenye kigari cha theluji, Edmund anaonekana mjinga na hadithi nzima inayumba. Akiwa mpole kupita kiasi, hatumwogopi baadaye. Mwigizaji anayefaa ni yule anayeweza kubeba yote mawili ndani ya mazungumzo yaleyale.

Ndiyo maana kipimo cha sura mara nyingi hakifai. Dolores Umbridge, mwalimu katili wa hadithi za Harry Potter, kitabuni anafananishwa na chura. Imelda Staunton, aliyemcheza mwaka 2007, hafanani na chura hata kidogo. Lakini kazi ya Umbridge ni kuumiza watu huku akitabasamu kwa adabu, na Staunton aliibeba kwa kikohozi kidogo, kicheko chembamba na nguo za waridi. Waliokuja na orodha ya maumbile walijikuta hawana la kusema.

Sasa namna ya kutazama. Usitumie vipande vilivyokatwakatwa na mashabiki mtandaoni. Huko mtu ameshakuchagulia nyuso kali tupu. Chukua filamu yenyewe, chagua matukio matatu: adui anapoingia, anapopata anachotaka, na anaposhindwa. Kila tukio litazame mara tatu. Mara ya kwanza kama kawaida. Mara ya pili zima sauti, uangalie mwili. Mara ya tatu fumba macho usikilize tu. Andika unachokiona au kukisikia, si unachohisi: "amegeuza shingo kabla ya kujibu", "sauti imeshuka kwenye neno la mwisho". Neno kama "hana mvuto" halimsaidii mtu kukubaliana nawe wala kukupinga.

Kwenye kigari cha theluji, zima sauti uone Swinton anavyosogea kidogo sana. Anaanza kwa hasira, kisha akisikia kuwa kijana ni mwana wa Adamu, uso unatulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo penye uigizaji: katika ule mpito. Ukifumba macho, utasikia sauti haijawa tamu, imekuwa laini tu, na baridi imebaki chini yake. Linganisha na Barbara Kellerman, aliyemcheza mchawi huyohuyo katika tamthilia ya BBC ya mwaka 1988. Yeye anapaza sauti, anakaza macho, anatumia mikono. Wengi humcheka kwa hilo, nami naona wanamwonea kidogo: tamthilia ya televisheni ya watoto ya wakati ule iliegemea zaidi mtindo wa jukwaani. Hata hivyo, ukiniuliza ni nani ningemwamini kama ningekuwa Edmund, ni Swinton.

Tukio la kushindwa ndilo watu husahau kulitazama. Mchawi anakwenda kambini kwa Aslan, simba anayepigana naye, wanakubaliana, kisha anauliza atajuaje kwamba ahadi itatimizwa. Simba ananguruma. Kitabuni mchawi anashika sketi na kukimbia mbio. Kwenye filamu anaketi ghafla kwenye kiti chake, basi. Angalia macho yake sekunde ile. Kumbuka pia kwamba simba tunayemwona alitengenezwa kwa kompyuta, na sauti ni ya Liam Neeson. Mwigizaji hakuwa na simba wa kweli mbele yake. Katika filamu za njozi hiki ni kipimo kizuri kuliko vyote: je, macho yameshika mahali pamoja na uzito wa mwili umejibu kwa wakati wake, au anatazama hewani? Pale Swinton amefaulu.

Muda wa kuonekana nao huwapotosha watu. "Hakupewa nafasi ya kutosha" ni lawama kwa mwandishi au mhariri, na hata hivyo uchache si kasoro yenyewe. Margaret Hamilton, mchawi mbaya wa filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939, anaonekana kwa takriban dakika 12. Mwaka 2003 taasisi ya American Film Institute ilimweka mhusika wake nafasi ya 4 katika orodha yake ya maadui wa sinema, juu ya wanawake wengine wote. Tena hakuwa chaguo la kwanza: Gale Sondergaard ndiye aliyepewa nafasi ile mwanzoni, akajitoa watayarishaji walipotaka mchawi asiye mrembo.

Mahali ambapo wapinzani wa Swinton wana hoja ni vita vya mwisho. Kitabuni pigano ni fupi. Filamu imelirefusha, ikampa gari la vita linalovutwa na dubu weupe, panga mbili na singa za Aslan mabegani. Picha ni nzuri. Ila mchawi aliyetawala kwa kunyamaza na kugusa kwa fimbo sasa anarusha panga kama askari, na ile baridi aliyoijenga toka kwenye kigari inapata nafasi ndogo ya kufanya kazi. Uso wake haubadiliki, na sijui mwigizaji gani angeweza kufanya zaidi na tukio lililoandikwa hivyo. Ukitaka kumkosoa kwa haki, anzia hapo, na umtaje mwongozaji kwanza.