Mjomba mwenye sauti, asiye na sauti

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Neno sauti lina maana ngapi?", limenikuta bado natafuna tangawizi. Majuzi sauti ilinikauka kabisa, na ikanikauka siku ambayo washenga walikuja kwetu Nachingwea kumposa binti wa dada yangu.

Kwa wasiotujua: sisi Wamwera, kama Wamakonde, Wamakua na Wayao, tumezoea kuhesabu ukoo kwa mama. Baba analea, analipa ada, anaheshimiwa, lakini likija suala la posa mwenye sauti ni mjomba. Basi nikakaa mkekani, mwenye sauti, sina sauti. Nikifungua kinywa inatoka pumzi tu, kama pampu ya baiskeli. Shemeji yangu, baba mzazi wa binti, ana sauti inayofika hadi barabarani, ila siku hiyo haikuwa na kazi.

Hizo ni maana mbili, na kwangu ndizo kubwa. Ya kwanza iko kooni. Weka vidole kooni useme "zzz", kisha "sss". Kwenye z utasikia nyuzi za sauti zinatetemeka, kwenye s zimetulia. Walimu wa Kiswahili huziita sauti ghuna na sighuna. Nyuzi zangu zilikuwa zimevimba, hazitetemeki, kwa hiyo niliposema "zungumzeni" wageni walisikia "sungumseni". Watoto walicheka mpaka wakafukuzwa uani.

Ya pili haiko kooni kabisa. Waarabu, tuliolichukua neno hili kwao, hadi leo kura huiita sauti. Sisi kura tuliipa jina jingine (la Kiarabu hilohilo!), lakini maana ile haikutuacha. Nenda mkutano wa chama cha msingi cha ushirika msimu wa korosho, utamsikia mkulima akilalamika, "Sisi wadogo hatuna sauti." Na kipaza sauti anacho yeye mkononi.

Najua wengine watawaandikia kuhusu sauti ya simu na sauti ya radi. Siafiki sana. Simu ina mlio, radi ina ngurumo, bahari pale Lindi ina mvumo, gunia likidondoka ni kishindo. Tunayo maneno, kwa nini tulibebeshe moja mzigo wote? Wanakwaya nao wana sauti ya kwanza mpaka ya nne. Sijawahi kuimba, nawaachia wenyewe.

Tuliishia hivi: nikawa namnong'oneza dada, dada anasema. Lakini mshenga akijibu hamtazami dada, ananitazama mimi. Ikafika kwenye mahari. Akataja kiasi, kidogo kuliko nilivyotarajia, akauliza kama mjomba ameridhia. Nikavuta pumzi nikatae. Nikakohoa.

"Andika," mshenga akamwambia mwenzake, "mjomba ameridhia."